Uhaba wa bunduki, risasi na vipuri Marekani wakati wa korona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuanzia mwanzo wa 2020 hadi katikati ya 2022 nilikuwa nauza kaunta, Jumamosi na Jumapili na siku nyingine nikiitwa, katika duka dogo la silaha hapa Ohio. Mimi ni mtu wa Tanga. Waswahili wenzangu wa huku, wengi wao kutoka Kongo na Kenya, walikuwa wananipigia simu kwanza kabla ya kwenda duka lolote, na simu hizo hazijakoma. Maswali mengi ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka mahali pamoja. Nikisema "risasi" hapa chini nina maana ya kitu kizima kama tunavyokiita kaunta: ganda na vyote vilivyomo. Pale ninapozungumzia sehemu zake nitazitaja moja moja.

Uhaba ulianza lini hasa?

Kwetu ulianza na kukamilika ndani ya siku nne. Rais Trump alitangaza hali ya dharura ya kitaifa Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020. Kesho yake asubuhi nilikuta foleni imefika kona ya duka la jirani, na bado nusu saa tufungue. Ilipofika saa nane mchana rafu ya risasi za 9mm, za bastola, ilikuwa tupu, umebaki ubao na vibandiko vya bei. Jumapili zikaisha za .223, zile za raifo ya AR-15, na maboksi ya buckshot ya shotigani. Jumanne hatukuwa na bastola ya 9mm hata moja.

Nchi nzima ilikuwa hivyo. Mfumo wa FBI wa kumkagua mnunuzi, NICS, ulipokea maombi 210,308 siku moja tu ya tarehe 20 Machi. Mwezi ule wote yalifika milioni 3.7. Mwaka mzima wa 2020 yakawa milioni 39.7, wakati 2019 yalikuwa milioni 28.4. Waliodhani ni moto wa mabua walishangaa: Machi 2021 ilivunja rekodi ya mwezi kwa maombi karibu milioni 4.7.

Hizo ndizo idadi za bunduki zilizouzwa?

Hapana. Ombi moja linaweza kuwa la bunduki mbili zinazonunuliwa pamoja, na mengine si ya ununuzi kabisa; ni ya kibali cha kubeba bastola, na kuna majimbo yanayokagua upya wenye vibali kila mwezi. Chama cha wafanyabiashara wa silaha, NSSF, huchuja maombi ya namna hiyo, na kwa 2020 kilibakiwa na takriban milioni 21. Bado ni nyingi mno, ila mtu akikwambia "Wamarekani walinunua bunduki milioni 40 mwaka ule", msahihishe.

Virusi havipigwi risasi. Watu waliogopa nini?

Swali hili nimeulizwa na karibu kila ndugu aliyenipigia kutoka nyumbani. Mtu mmoja kati ya mia ndiye aliyekuja akiwa na jibu lililopangika. Wengine walisema maneno kama "nimeona rafu za sabuni" au "polisi wakiugua wote itakuwaje?" Baadhi ya idara za polisi zilitangaza kwamba kesi ndogo hazitafuatwa kwa mtu kufika nyumbani, na magereza kadhaa yalipunguza wafungwa kwa hofu ya maambukizi. Ukijumlisha hayo na rafu tupu za karatasi za chooni, mtu anajiona yuko peke yake.

Halafu hofu ikaja kwa mawimbi, na kila wimbi lilikuta rafu hazijajaa. Tarehe 25 Mei George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis. Yakafuata maandamano, na katika baadhi ya miji uporaji na moto. Novemba ukaja uchaguzi, na kila uchaguzi unaoweza kuleta Rais wa Democratic huwafanya watu wanunue mapema wakihofia sheria mpya. Januari 6, 2021, Bunge lilivamiwa.

Wanunuzi nao hawakuwa wale wa zamani. Utafiti wa Matthew Miller na wenzake, uliochapishwa 2022, ulikadiria kwamba kuanzia Januari 2019 hadi Aprili 2021 watu wazima kama milioni 7.5 walimiliki bunduki kwa mara ya kwanza maishani. Karibu nusu yao walikuwa wanawake, mmoja kati ya watano alikuwa Mweusi, na mmoja kati ya watano Mhispania. Mimi nilihudumia pia familia za Kichina na Kivietinamu ambazo watu walikuwa wakizitukana barabarani kwa sababu ya ugonjwa. Mzee mmoja wa Kivietinamu aliniambia amekaa nchi hii miaka arobaini bila kutaka bunduki. Alipokuwa akijaza fomu mkono ulikuwa unamtetemeka hata ikabidi arudie ukurasa wa kwanza.

Viwanda vya hapa Marekani vilifungwa kwa sababu ya korona?

Watu wengi wanaamini hivyo, na si kweli. Tarehe 28 Machi 2020 wakala wa usalama wa miundombinu, CISA, aliingiza watengenezaji na wauzaji wa silaha na risasi katika orodha ya kazi za lazima. Ilikuwa ushauri tu, na magavana walitofautiana: New Jersey ilifunga maduka kisha ikayafungua kwa miadi mwishoni mwa Machi, Pennsylvania vivyo hivyo, Massachusetts ikafika hadi kwa hakimu wa shirikisho mwezi Mei. Lakini mashine za risasi ziliendelea kuzunguka.

Chanzo chenyewe kilianza miaka kadhaa nyuma. Biashara hii huenda kwa hofu. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, risasi ndogo za .22 zilitoweka kwa zaidi ya mwaka. Uchaguzi wa 2016 ulipopita na Trump akashinda, hofu ya sheria mpya ikaisha, na mauzo yakashuka. Kuanzia 2017 hadi 2019 maghala yalijaa, bei zikaporomoka, viwanda vikapunguza watu. Mimi nilikuta maboksi ya 9mm ya risasi 50 yanauzwa dola 9 au 10, na bado hayatoki. Kwa hiyo Machi 2020 ilikikuta kiwanda kimekonda na muuzaji wa jumla hataki kuweka mzigo mkubwa.

Hapo hapo Remington, kampuni ya bunduki na risasi, ikaanguka. Iliomba kinga ya ufilisi Julai 2020, mara ya pili tangu 2018, na Septemba mali zake zikapigwa mnada vipande vipande. Kiwanda chake kikubwa cha risasi cha Lonoke, Arkansas, kilinunuliwa na kampuni ya Vista Outdoor kwa dola milioni 81 na kitu. Fikiria: wakati nchi nzima inatafuta risasi, mojawapo ya viwanda vikubwa kabisa kiko mikononi mwa mahakama ya ufilisi, na mwenye nacho mpya anapaswa kuita wafanyakazi upya na kuwalipa waleta malighafi wasiomwamini tena. Vista hiyo hiyo, ambayo tayari ilikuwa na viwanda vya risasi, Federal ya Anoka, Minnesota, na CCI ya Lewiston, Idaho, ilitangaza kuwa na oda zinazosubiri zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.

Kwa nini wasiongeze mashine tu?

Kwa sababu walikwisha kuumia. Mashine ya kutengeneza risasi ni ghali, huagizwa muda mrefu kabla, na inahitaji fundi aliyezoea. Kiwanda kilichojenga laini mpya 2013 kiliitazama imelala 2018. Mkuu wa kiwanda akikumbuka hilo, anaona afadhali kufanya kazi zamu tatu usiku na mchana kwa mashine alizo nazo kuliko kujenga nyingine ambazo zitakuwa tayari wakati wimbi limepita. Mimi namwelewa, ingawa mwaka ule nilikuwa upande wa waliomlaumu.

Watu nao waliugua. Laini yenye watu kumi na wawili, wawili wakiwekwa karantini, haiendi kwa kasi ile ile. Shaba nayo ikapanda. Ganda la risasi ni shaba nyeupe, sehemu 70 kwa mia shaba nyekundu na 30 zinki, na Mei 2021 tani moja ya shaba nyekundu ilipita dola 10,000.

Fataki ni nini, na kwa nini kila mtu alizilalamikia?

Hapa ndipo palipokuwa na kidonda chenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Risasi ina vitu vinne: ganda, baruti, kichwa kinachoruka, na fataki. Fataki ni kikombe kidogo cha shaba nyeupe kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda, kidogo kuliko punje ya dengu. Pini ya bunduki ikikigonga, kinatoa cheche, cheche inawasha baruti. Bila hicho, vitatu vingine ni mapambo tu.

Kichwa cha risasi mtu anaweza kukitengeneza mwenyewe kwa kuyeyusha madini ya risasi (lead) ya vyuma chakavu. Ganda linaokotwa na kutumika tena mara kadhaa. Fataki hazitengenezwi nyumbani. Kiwandani mchanganyiko wake hushughulikiwa ukiwa umelowa, katika vyumba vilivyotengwa, kwa sababu ukikauka msuguano mdogo unatosha kuulipua. Marekani nzima inategemea watengenezaji wakubwa wanne: CCI, Federal, Winchester na Remington. Watatu kati yao walikuwa tayari wamefika chini ya paa moja la Vista baada ya mnada ule.

Sasa jiweke mahali pa kiwanda. Una fataki milioni kumi. Ukizipachika kwenye risasi kamili, unauza risasi kamili kwa faida kubwa na wanunuzi wanakugombania. Ukizitia kwenye visanduku kuziuza zenyewe kwa wanaojaza maganda nyumbani, faida ni ndogo. Kila mmoja alichagua njia ile ile. Kwa hiyo wale wenzetu wanaojaza maganda, watu waliokuwa wakijivunia kwamba uhaba hauwagusi, ndio waliokauka kuliko wote. Kabla ya korona fataki elfu moja zilikuwa dola 30 na kitu. Kwenye minada ya mtandaoni 2021 nimeziona zikienda kwa dola 100, 150, hata 200.

Kulikuwa na fundi mstaafu aliyekuwa akija kila Alhamisi, siku ya mzigo. Anasimama mbele ya ile rafu, anaigusa kwa kidole kama anayepima vumbi, ananiuliza, "Bado?" Nasema bado, mzee. Alifanya hivyo miezi kumi na minne.

Ni kweli serikali au jeshi lilizoa risasi zote?

Sikuwahi kuona ushahidi wowote. Uvumi ulishika kwa sababu mbili. Kwanza, kiwanda cha jeshi cha Lake City, kilichoko Independence, Missouri, ambacho mabaki ya uzalishaji wake huuzwa kwa raia, kilibadilisha msimamizi tarehe 1 Oktoba 2020: Northrop Grumman ikatoka, Winchester ikaingia. Watu wakaunganisha mambo. Pili, mtu akiona rafu tupu miezi sita huku kampuni inasema inazalisha kuliko wakati wowote, anahisi anadanganywa. Ilibidi Jason Vanderbrink, aliyekuwa akiongoza Federal na CCI, ajitokeze kwenye video kukanusha kwamba wanaficha mzigo.

Hesabu yenyewe haina siri. Wakiingia wamiliki wapya milioni saba na kila mmoja akataka maboksi mawili tu ya risasi 50, hizo ni risasi milioni 700 juu ya mahitaji ya kawaida. Na waliokuwa nazo tangu zamani hawakutaka mawili, walitaka katoni.

Bei zilifika wapi, na nani alifaidika?

Boksi lile la 9mm la dola 10 lilifika dola 40 na zaidi majira ya baridi ya 2020 kuingia 2021. Bosi wangu alikataa kupita dola 25 kwa mzigo wetu, akaweka kikomo cha maboksi mawili kwa mtu kwa siku. Nilimheshimu kwa hilo, lakini kikomo hakikumzuia mlanguzi. Vijana watatu walikuwa wanapokezana: mmoja anaingia, anatoka, mwenzake anaingia. Siku moja niliwafuata kwa macho dirishani nikawaona wanapanga maboksi kwenye buti la gari na kuyapiga picha pale pale kwenye maegesho yetu. Jioni yalikuwa mtandaoni kwa dola 45.

Lakini sitaki kumtupia mlanguzi mzigo wote. Waliohodhi walikuwa wengi kuliko waliolangua. Nina rafiki, mtu mwema wa kanisani, aliyeniambia ana risasi elfu kumi na mbili chini ya ngazi na bado alikuja kila Alhamisi kuchukua maboksi mawili yake. Nyuma yake kwenye foleni alisimama mama mwenye bastola mpya na risasi sifuri. Nilimwomba ampishe. Alikataa. Hatujagombana, ila sijasahau.

Bunduki zipi ziliisha kwanza?

Bastola za 9mm, shotigani za kukoki kwa mkono, na AR-15, kwa mpangilio huo. Zilizobaki ukutani zilikuwa bunduki ghali za michezo na zile za kaliba ambazo hakuna anayezitafuta. Wanunuzi wengi wapya walishangazwa pia na sheria: California, kwa mfano, mtu alikuta lazima asubiri siku 10 kabla ya kuchukua alichokilipia. Wengine walikuwa na hakika bunduki Marekani inanunuliwa kama soda.

Na vipuri? Kwa nini springi ya dola nane ikosekane miezi mitano?

Kwa sababu anayetengeneza springi ile si yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye mtutu. Kampuni za bunduki hununua springi, pini, magazini (kisanduku cha kuwekea risasi) na skrubu kutoka karakana ndogo ndogo. Karakana ikipata oda ya kiwanda cha bunduki mpya, duka la spea linasubiri. Ya kwanza kupotea ilikuwa bodi ya chini ya AR-15, ile yenye namba na inayohesabiwa kisheria kuwa ndiyo bunduki. Zikafuata seti za bolti. Mashine za kujazia maganda nazo zikawa za kusubiri kwa miezi.

Vya kutoka nje vilikuwa na balaa lao. Gardone Val Trompia, mji wa Italia unaofua bunduki kwa karne nyingi, uko mkoa wa Brescia, mmoja wa mikoa iliyoumizwa vibaya kabisa na korona. Machi 2020 serikali ya Italia ilisimamisha viwanda visivyo vya lazima. Manila na kisiwa kizima cha Luzon vilifungwa mwezi huo huo, na huko ndiko Armscor inakotengenezea bastola zinazouzwa sana hapa kwa bei nafuu. Baadaye meli zikapanga foleni nje ya bandari za Los Angeles na Long Beach. Mteja wangu mmoja alingoja pini ya usalama ya shotigani ya Kiitaliano, kijiti cha urefu wa kidole gumba, kuanzia Aprili hadi Desemba.

Wawindaji walifanyaje?

Waliumia kimyakimya. Viwanda vilielekeza mashine kwenye 9mm na 5.56 (nayo ni ya AR-15) kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikiliwa, na kubadilisha laini kutoka kaliba moja kwenda nyingine kunagharimu siku za kazi. Kwa hiyo risasi za kuwindia kama .30-30 na .243 hazikutengenezwa kwa wingi.

Ohio tuna jambo letu. Hapa paa wa mkia mweupe hawindwi kwa kila aina ya raifo. Sheria inaruhusu shotigani ya slagi (risasi ya kipande kimoja kikubwa) na raifo za ganda lililonyooka. Ndiyo maana risasi za .450 Bushmaster na .350 Legend, iliyotoka 2019, zinapendwa. Wiki ya bunduki huanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Thanksgiving. Mwaka 2020 hiyo ilikuwa Novemba 30, na sisi boksi la mwisho la .350 Legend lilitoka Septemba. Baba mmoja alikuja na binti yake wa miaka kumi na mbili, raifo mpya, leseni mkononi, hana risasi. Mteja aliyekuwa kando aliingia kwenye gari lake akarudi na risasi nne kwenye kiganja, akampa mtoto. Hakutaka pesa.

Jambo moja jema lililotoka hapo: chini ya sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, kila bunduki ndefu na kila boksi la risasi hutozwa ushuru wa asilimia 11, na bastola asilimia 10, kwa ajili ya hifadhi ya wanyamapori. Mauzo yale ya hofu yaliupandisha mfuko huo hadi zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka.

Risasi za Urusi zilihusikaje?

Risasi za bei rahisi zenye ganda la chuma, Tula na wenzake, ndizo zilizokuwa zikiwabeba wenye kipato kidogo. Agosti 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kuzuia vibali vipya vya kuingiza silaha na risasi za Urusi, kama adhabu kwa kumtilia sumu Alexei Navalny, mpinzani wa serikali ya Urusi. Zuio lilianza Septemba 7. Vibali vya zamani viliruhusiwa kumalizika, kwa hiyo bidhaa haikutoweka siku ile, lakini watu walikimbilia madukani kana kwamba imetoweka.

Uhaba uliisha lini?

Inategemea unatafuta nini. Kufika 2022 risasi za 9mm na .22 zilikuwa zimerudi rafuni na bei inashuka, ingawa haijarudi kuwa dola 10. Fataki zilichelewa zaidi. Baruti ndiyo iliyotusumbua tena baadaye: vita vya Ukraine vimefanya nchi nyingi zitafute nitroselulosi kwa ajili ya mizinga, na malighafi hiyo hiyo ndiyo inayoingia kwenye baruti ya raifo. Mwaka 2024 watengenezaji walipandisha bei wakitaja uhaba huo.

Risasi nilizonunua 2020 bado zinafaa?

Kama ulizihifadhi pakavu, mbali na joto kali, ndiyo, na zitafaa miaka mingi bado. Zenye kutu ya kijani, zilizobonyea, au zilizolowa mafuriko ya ghorofa ya chini, usizipige. Zipeleke dukani au polisi ukaulize namna ya kuzitupa.

Mimi si raia. Naruhusiwa kununua?

Mwenye green card anaruhusiwa, kama hana kizuizi kingine. Mwenye viza ya muda, ya masomo, utalii au kazi, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Kesi za hifadhi na maombi yaliyo njiani zina mambo mengi. Muulize wakili wa uhamiaji kabla ya kuingia dukani.

Fomu inaitwa 4473. Isome polepole. Usiweke alama kwenye "raia wa Marekani" kwa haraka au kwa kubahatisha Kiingereza. Kujidai raia kwa uongo kunaweza kukufukuzisha nchini. Bangi pia: hata kama jimbo lako linairuhusu, fomu hiyo ni ya shirikisho, na kwa shirikisho mtumiaji hanunui bunduki.

Shemeji ameniomba nimnunulie kwa jina langu. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Wakati wa uhaba ombi hili lilikuja kila wiki: "kaka, wewe karatasi zako ziko sawa, nichukulie moja." Kumnunulia mtu kwa pesa yake huku ukisaini kwamba ni yako ni kosa la jinai, na sheria ya Juni 2022 iliweka kifungo kinachoweza kufika miaka 15. Mwambie shemeji hapana. Akinuna, anune.

Naweza kupeleka risasi au vipuri nyumbani?

Usijaribu kwenye begi wala kwenye kontena. Kuzitoa Marekani kunahitaji utaratibu wa mauzo ya nje, na kuziingiza Kenya au Tanzania kunahitaji kibali cha huko. Hata risasi moja iliyosahaulika mfukoni mwa koti imewalaza watu mahabusu uwanja wa ndege.

Nilinunua bastola 2020 na sijawahi kuipiga hata mara moja. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linalonifanya niandike yote haya. Uhaba ule uliwauzia watu bastola bila risasi za kujifunzia, wakati viwanja vya shabaha vimefungwa na madarasa yameahirishwa. Wakaweka kile kitu ndani wakisubiri, na kusubiri kukageuka miaka.

Dada mmoja, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, alinunua kwetu wiki ya mwisho ya Machi 2020. Hatukuwa na boksi hata moja la kumpa. Alirudi masika ya 2022 na bastola ndani ya boksi la viatu, akaniambia haina kitu, magazini ameitoa. Niliielekeza kwenye ndoo ya mchanga tunayoiweka kwa kazi hiyo, nikavuta slaidi. Risasi moja ikaruka, ikagonga kioo cha kaunta, ikabingirika hadi kwenye kiatu chake. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amempa tano siku nyingi, akazijaza, akaikoki mara moja kuona inavyofanya, kisha akatoa magazini akiamini amemaliza. Ilikaa hivyo chini ya godoro karibu miaka miwili, nyumba yenye watoto wawili. Alikaa chini kwenye kiti cha wateja, hakusema neno kwa muda mrefu.

Mwaka 2020 bunduki ziliua watu 45,222 nchi hii, na zaidi ya nusu yao, 24,292, walijiua wenyewe. Mwaka 2021 walifika 48,830. Kuanzia 2020 bunduki ndicho kisababishi cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19. Sisemi uhaba ulisababisha hayo. Nasema bunduki nyingi zimelala kwenye nyumba ambazo hakuna anayejua kuzifungua.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii. Kama hujui kuhakikisha kwamba chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa hata magazini ikitolewa, ni tupu, usiiguse. Pigia simu duka lolote la silaha, waeleze, watakwambia namna ya kuileta au watakusaidia ulipo. Risasi sasa zipo, jiandikishe darasa la siku moja. Ukiona huitaki tena, duka litainunua, au polisi watakwambia namna ya kuikabidhi. Kama kuna mtu nyumbani aliyekata tamaa ya maisha, itoke nyumba hiyo leo, na namba ya kupiga ni 988, mchana na usiku.

Na ifungiwe, risasi mbali nayo. Sanduku dogo la chuma la bastola si ghali. Kufuli za waya idara nyingi za polisi huzigawa bure kupitia mpango wa Project ChildSafe. Unaingia, unaomba, hawakuulizi jina. Yule dada aliomba mbili.